Dai, Ushahidi na Msemaji: Tunapouliza Kama Jambo ni Kweli

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu, walimu na vijana mliofika,

Ipo methali tunayoitamka bila kuipima: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi ukizagaa, mtu akiuliza una msingi gani, hujibiwa kwa methali hiyo na mazungumzo yakaishia hapo. Naanza nayo kwa sababu imebeba kosa ninalotaka kulipinga leo kwa nguvu zangu zote: kuhesabu wingi wa wasemao kuwa ushahidi wa jambo lenyewe.

Mtu anapouliza "Je, ni kweli?", mara nyingi huwa anauliza maswali matatu kwa mkupuo. Jambo liko hivyo lilivyosemwa? Tunalijuaje? Na aliyelisema, alikuwa akisema anachokiamini? Swali la kwanza linahusu dai, la pili linahusu ushahidi, la tatu linamhusu msemaji. Majibu yake hayafuatani lazima. Mtu mnyofu kabisa aweza kusema lisilo kweli kwa sababu amekosea. Mwongo aweza kusema kweli kwa bahati, huku akidhani anadanganya. Na jambo laweza kuwa kweli kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwa na ushahidi wake. Dunia ililizunguka Jua zama zote ambazo watu waliapa kwamba haisogei. Ugomvi mwingi juu ya ukweli huzuka pale mtu mmoja anapojibu swali la tatu na mwenzake alikuwa ameuliza la kwanza. "Unaniita mwongo?" Hapana. Nimesema hesabu yako haiko sawa.

Tuanze na dai. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa maelezo ambayo mpaka leo sijaona yaliyo mafupi kuyashinda: kusema kuwa kilichopo hakipo, au kisichokuwepo kipo, ni uongo, kusema kuwa kilichopo kipo na kisichokuwepo hakipo, ni kweli. Angalieni yasiyotajwa humo. Hatajwi msemaji, wala cheo chake, wala idadi ya wanaomuunga mkono. Yametajwa mawili tu, kilichosemwa na hali ilivyo.

Mwaka 1933 mtaalamu wa mantiki kutoka Poland, Alfred Tarski, aliliweka wazo hilo katika umbo la kihisabati. Mfano wake ni huu: sentensi "Theluji ni nyeupe" ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, theluji ni nyeupe. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni kurudia maneno. Upande mmoja tumetaja sentensi, ndiyo maana iko ndani ya alama za kunukuu. Upande wa pili tumetaja theluji yenyewe. Kazi yote ya Tarski imejengwa juu ya tofauti hiyo, na ilimlazimu kuijenga kwa uangalifu kwa sababu ya tatizo la kale linalonasibishwa na Eubulides wa Miletus. Chukua sentensi "Ninachosema sasa ni uongo." Ikiwa ni kweli, basi ni uongo, ikiwa ni uongo, basi ni kweli. Tarski alionyesha kwamba lugha inayoruhusiwa kutoa hukumu ya kweli na uongo juu ya sentensi zake zote yenyewe, kwa kanuni za kawaida za mantiki, lazima igongane na mkwamo huo. Dawa yake ilikuwa kutenga lugha inayozungumziwa na lugha ya kuizungumzia. Mwanafalsafa Saul Kripke, mwaka 1975, alipendekeza njia nyingine: sentensi za namna hiyo hazina pa kusimama, kwa kuwa ukifuatilia kinachozungumziwa unarudi kwenye sentensi ileile bila kugusa kitu chochote nje yake. Somo hili lina matumizi ya kila siku. Andiko linalosema "yote yaliyomo humu yamethibitishwa" halijathibitisha kitu. Linajielekezea kidole lenyewe.

Wapo wanafalsafa waliosema ukweli ni kuafikiana kwa dai na madai mengine tunayoyakubali. Wapo waliosema, kama William James mwaka 1907, kwamba wazo la kweli ni lile linalotufaa tukilitumia. Haya mimi nayaona kuwa majibu mazuri kwa swali la pili. Kuafikiana na kufaa ni dalili za kutafutia ukweli, na dalili njema. Lakini hadithi iliyotungwa kwa ustadi huafikiana yenyewe kwa yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na dai la uongo limewahi kuwafaa wengi. Ama kauli kwamba kila mtu ana ukweli wake, muulize anayeisema kama kauli hiyo ni kweli kwake peke yake au kwetu sote. Akichagua la kwanza, hajatuambia kitu. Akichagua la pili, ameivunja kauli yake. Kila mtu ana imani yake, uchungu wake na mahali alipokuwa amesimama tukio lilipotokea. Hivyo vyote vinastahili heshima kwa majina yake vyenyewe.

Sasa tufike kwenye lugha, ambako ndiko makosa mengi hutendeka bila mtu kusema neno hata moja la uongo.

Dai halijawa tayari kupimwa mpaka liwe kamili. "Mvua inanyesha" haina ukweli wala uongo mpaka tujue wapi na lini. "Hatari imeongezeka mara mbili" vilevile: mara mbili ya ngapi? Oktoba 1995 mamlaka ya usalama wa dawa nchini Uingereza ilitoa onyo kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kauli hiyo ilikuwa kweli. Takwimu zilizokuwa nyuma yake zilikuwa takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa vidonge vya zamani, na 2 kati ya 7,000 kwa vile vipya. Wanawake wengi waliposikia "mara mbili" bila ya hizo 7,000 waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka England na Wales kwa makadirio ya 13,000. Na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Kwa hiyo ukikuta asilimia au "mara ngapi" imesimama peke yake, usiikubali wala kuikataa. Tafuta namba mbili kamili, ya awali na ya sasa, na idadi ya watu ambayo zimehesabiwa humo. Zikikosekana, huna dai la kupima.

Kisha kuna yale yanayopitishwa kimyakimya. Mtu akisema "Juma ameacha kuchelewa", amekuambia mambo mawili: kwamba sasa hachelewi, na kwamba zamani alikuwa akichelewa. Kuna njia rahisi ya kulifichua hilo la pili, nayo ni kuikanusha sentensi. "Juma hajaacha kuchelewa." Dai la kwanza limegeuka, la pili limebaki palepale. Kinachobaki baada ya kukanusha ndicho kilichoingizwa bila kuthibitishwa. Jaribuni hivyo hivyo kwa swali "Nani aliyeificha ripoti?" Ukijibu "hakuna anayejua nani", bado umekubali kuwa kuna aliyeificha. Waendesha mahojiano wenye nia mbaya huishi kwa maswali ya aina hii, na jibu sahihi haliko ndani ya swali. Ni kulisimamisha swali na kusema: kwanza, je, ilifichwa?

Aina ya pili ni kile msikilizaji anachokielewa bila kuambiwa. Mwalimu akisema "baadhi ya wanafunzi wamefaulu", sote tutaelewa kuwa wengine wameanguka. Ikiwa wote wamefaulu, sentensi yake ni kweli kimantiki, maana ndani ya wote waliofaulu wamo pia hao baadhi. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza hilo hutokeaje: tunachukulia kuwa mwenzetu anatoa habari ya kutosha, basi akisema kidogo tunaamini hana zaidi. Kipimo chake ni kwamba maana hiyo inaweza kufutwa bila kujipinga: "baadhi wamefaulu, tena wote." Mtu aliyekupotosha kwa njia hii atakuambia kwa kiapo kwamba hakudanganya. Ukiangalia dai peke yake, yuko sawa. Ukimwangalia msemaji, ana hatia. Ndiyo sababu nasisitiza kuyatenganisha maswali.

Lugha huingia hata ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipopondana. Wengine 50 waliulizwa kwa kitenzi cha kawaida, yalipogongana. Na 50 hawakuulizwa habari ya kasi. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika katika filamu ile. Waliosema "ndiyo" walikuwa 16 katika kundi la kupondana, 7 katika kundi la kugongana, na 6 katika kundi la tatu. Kitenzi kimoja kiliongeza zaidi ya maradufu idadi ya mashahidi wa kitu kisichokuwepo, nao hawakuwa wakidanganya. Anayemhoji shahidi basi aanze na "ulichokiona ni nini?", amwache aseme mpaka amalize, kisha aulize kwa maneno ambayo shahidi mwenyewe ameyatumia. Akianza na maneno yake, atajikuta anapokea ushahidi wake mwenyewe.

Zipo lugha zinazomlazimisha msemaji ataje chanzo chake ndani ya kitenzi. Katika Kituyuca, lugha ya watu wachache mpakani mwa Kolombia na Brazil, huwezi kusema tu kwamba fulani alicheza mpira. Mwisho wa kitenzi lazima uonyeshe kama ulimwona, au ulisikia sauti za mchezo, au umeona alama alizoacha, au umeambiwa, au unakisia kwa kuwa ndiyo desturi yake. Kituruki nacho hutofautisha wakati uliopita ulioushuhudia na ule uliousikia au kuukisia. Katika Kiswahili sarufi haitulazimishi, lakini vyombo tunavyo: eti, inasemekana, nasikia, yaelekea, nimeshuhudia. Kwa maoni yangu ni uzembe mkubwa wa waandishi wetu kuviacha, au kulichukulia "inasemekana" kama pambo la kufungulia habari. Neno hilo ni hati ya chanzo. Ukiliandika, umekiri kuwa hukuona, na msomaji ana haki ya kuuliza inasemwa na nani.

Ushahidi nao una mtego wake. Saa ya ukutani ilisimama jana saa tisa alasiri. Leo mtu anapita, anaitazama, anasema ni saa tisa, na kwa kweli ni saa tisa. Dai lake ni kweli. Anaamini kwa sababu ya maana, maana saa huaminiwa. Je, anajua? Bertrand Russell aliutumia mfano wa saa iliyosimama, na mwaka 1963 Edmund Gettier, kwa makala ya kurasa tatu tu, aliwaonyesha wanafalsafa kwamba kuwa na imani ya kweli yenye sababu hakutoshi kuitwa kujua. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: chanzo kilichopatia jana hakijathibitika kuwa ni chanzo kizuri. Uliza kinapataje, na kingekuambia nini kama mambo yangekuwa kinyume. Saa iliyosimama ingesema saa tisa hata saa nne.

Nageukia utamaduni wa watu wengi, yaani sinema, katuni na mitandao, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tumejifunza ukweli unafananaje.

Sinema zimetufundisha kwamba mwongo huonekana. Anaangalia pembeni, anajikuna, jasho linamtoka. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya jambo hili na wakakuta watu hupatia asilimia 54 tu kutofautisha kweli na uongo kwa kumtazama msemaji. Kurusha sarafu kungekupa 50. Pengo hilo ndilo mashine ya kupima uongo ilidai kuliziba. Mmoja wa waasisi wake, William Moulton Marston, alikuwa akipima shinikizo la damu la watu wakati wanahojiwa, akiamini kwamba uongo huupandisha. Mwaka 1923 mahakama ya rufani mjini Washington, katika kesi ya Frye, ilikataa kuupokea ushahidi wa kipimo chake kwa kuwa wanasayansi wenzake hawakuwa wameukubali. Marston huyohuyo, mwaka 1941, ndiye aliyemleta Wonder Woman kwenye vitabu vya katuni, shujaa mwenye kamba ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa kumlazimisha aliyefungwa nayo aseme kweli. Ndoto iliyokataliwa mahakamani ilipokelewa kwa mikono miwili na wasomaji.

Mashine yenyewe hupima pumzi, mapigo na shinikizo la damu, na jasho la ngozi. Hivyo ni vipimo vya msisimko. Asiye na hatia anayeogopa kutoaminiwa husisimka. Mwongo aliyezoea hutulia. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 2003 ilifanya hesabu ambayo kila mpenda ukweli anapaswa kuijua. Chukua wafanyakazi 10,000 ambao miongoni mwao 10 ni majasusi. Ipe mashine usahihi mkubwa kuliko unaostahili, uitege ikamate majasusi 8 kati ya hao 10. Watakaoangushwa na kipimo watakuwa takriban 1,600. Wanane ndio majasusi. Waliobaki ni watu waliosema kweli, na majasusi wawili wamepita salama. Hitilafu haitoki kwa fundi. Inatoka kwenye uchache wa kinachotafutwa, na itajirudia kwa mashine yoyote itakayotuahidi kusoma uongo katika sauti au uso.

Filamu nazo zina desturi ya kufungua kwa maneno "hiki ni kisa cha kweli". Fargo, ya mwaka 1996, ilifungua kwa kudai kwamba matukio yake yalitokea Minnesota mwaka 1987, na maandishi ya mwisho yakasema wahusika ni wa kubuni. Maneno ya mwanzo yalikuwa sehemu ya usanii, hayakuwa hati. Maneno kama "imetokana na" au "imechochewa na" hayana kiwango kinachosema ni sehemu ngapi lazima ziwe zimetokea. Mtazamaji anayetaka kujua kilichotokea achukulie filamu kuwa orodha ya maswali ya kwenda kutafutia majibu kwingine. Ama Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, ambamo watu wanasimulia mauaji yaleyale kwa namna zinazopingana, hutajwa mno kama ushahidi kwamba hakuna ukweli. Naona kinyume. Simulizi zile zingekuwa haziwezi kupingana kama zisingekuwa zinazungumzia tukio moja, na mtu mmoja amekufa katika simulizi zote.

Picha zinahitaji uangalifu wa aina yake. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha zilizoonyesha viumbe wadogo wenye mabawa. Mtaalamu mmoja wa picha alisema negativu hazikuchezewa, na kwa kiasi hicho hakukosea. Mwaka 1920 Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alizichapisha akiziamini. Mwaka 1983 walikiri kwamba vilikuwa vikaragosi vya karatasi vilivyoshikizwa kwa pini. Picha ilikuwa halisi, dai juu ya picha halikuwa kweli. Leo pia, licha ya picha zinazotengenezwa na kompyuta, udanganyifu wa bei rahisi kuliko wote ni picha halisi ya mahali pengine na mwaka mwingine iliyopewa maelezo mapya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuitafuta picha hiyo kwa injini ya kutafutia picha na kuona ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Ikiwa ilikuwepo kabla ya tukio linalodaiwa, kazi imekwisha. Isipoonekana popote, hujathibitisha bado. Soma mabango, nambari za magari, mwelekeo wa vivuli, majengo, ukayalinganishe na ramani ya mahali panapotajwa.

Kwa nini basi uongo hushika? Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake waliwapa watu sentensi za kweli na za uongo katika vikao vitatu vilivyoachana kwa wiki mbili. Zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kila zilipojitokeza, za uongo sawa na za kweli. Utafiti wa Lisa Fazio na wenzake wa mwaka 2015 uliongeza kwamba hata mwenye kujua jibu sahihi hasalimiki. Akili hulichukulia lile linalopita kwa wepesi kuwa ni lile linalojulikana. Na mwaka 2018 uchunguzi wa habari takriban 126,000 zilizosambaa Twitter ulionyesha kuwa habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliosukuma hilo walikuwa watu zaidi kuliko programu.

Hivyo anayetaka kulipima dai aliandike kwanza kwa sentensi moja yenye nani, nini, wapi, lini na kiasi gani. Ajiulize ni kitu gani kingeonekana kama dai si kweli, kisha akitafute hicho. Afuate chanzo hadi mwanzo. Magazeti kumi yaliyonakili taarifa moja ni chanzo kimoja. Na akishajua ni uongo, asiupe nguvu kwa kuurudia. Aanze kwa kusema lililo kweli, kwa maneno mepesi kama ya uongo wenyewe au mepesi zaidi. Autaje uongo mara moja tu, akionya kabla ya kuutaja. Aeleze hila iliyotumika, mathalani namba iliyokosa idadi ya watu au picha ya mwaka mwingine, kwa sababu kichwani mwa msikilizaji pengo lisilojazwa hurudiwa na kile kilichokuwemo. Kisha aliseme tena lililo kweli. Kichwa cha habari kibebe hilo la kweli. Kichwa kinachobeba uongo ukiwa na alama ya kuuliza mwishoni husomwa na wengi ambao hawatafika aya ya pili, nao wataondoka na uongo huo.